Kwa mnaoanza kusoma habari za marubani wa Tuskegee

Nilipoanza kufundisha habari za marubani Weusi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, waliofunzwa Tuskegee, Alabama, niliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba ndege za mabomu walizozisindikiza hazikudunguliwa hata moja. Baadaye ilinibidi kulirudia darasa lilelile na kuifuta sentensi hiyo, tena kwa aibu.

Madai hayo yalichapishwa na gazeti la Chicago Defender tarehe 24 Machi 1945, kisha yakarudiwa kwa miongo sita. Mwanahistoria wa Jeshi la Anga la Marekani, Daniel Haulman, aliyapima kwa njia ambayo ninawasihi mjifunze mapema. Alichukua kumbukumbu za kila siku zinazoonyesha Kikosi cha 332, kikosi cha marubani hao, kilipangiwa kulinda kundi lipi la ndege za mabomu, akazilinganisha na ripoti za ndege zilizopotea, ambazo hutaja tarehe, saa, mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho na kilichoiangusha. Ndege 27 zilibainika kuwa zilidunguliwa na ndege za adui zikiwa katika ulinzi wa kikosi hicho, baadhi yake siku hiyohiyo gazeti lilipotoka, katika safari ya Berlin.

Msikimbilie basi kusema kwamba sifa zao ni za uongo. Vikosi vingine vya usindikizaji vya Jeshi la Anga la 15 la Marekani, ambalo kikosi hicho kilikuwa chini yake, vilipoteza wastani wa ndege 46 kila kimoja, na zile 27 zilipotea katika safari saba tu kati ya 179.

Wala msianzie mwaka 1941, mafunzo ya Tuskegee yalipoanza. Eugene Bullard, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Columbus, Georgia, alirusha ndege za kivita za Ufaransa mwaka 1917, lakini nchi yake ilipowachukua Wamarekani wenzake waliokuwa wakiirushia Ufaransa ndege, yeye iliachana naye. Cheo cha luteni usu Marekani ilimpa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufa kwake.

Yasomeni pia yaliyotokea ardhini, ambako mimi nilichelewa kufika kwa kuduwazwa na ndege. Benjamin O. Davis Jr., aliyekuja kukiongoza Kikosi cha 332, alisoma West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, miaka minne akiishi chumbani peke yake, na wenzake hawakumsemesha ila kwa mambo ya kazi. Mwezi wa Aprili 1945, katika uwanja wa Freeman huko Indiana, maofisa Weusi waliitwa mmoja mmoja na kuwekewa mbele yao kanuni iliyowatenga na klabu ya maofisa Wazungu, ili waitie saini. Kwangu mimi, karatasi ile inafundisha zaidi kuliko picha zote za ndege za kikosi hicho zenye mikia iliyopakwa rangi nyekundu, kwa sababu walisomewa kwamba kukaidi amri ya mkubwa wakati wa vita kunaweza kuadhibiwa kwa kifo, na bado maofisa 101 walikataa kutia saini, wakawekwa kizuizini.