Kubadili pampu ya maji mwenyewe: ya kwanza niliifunga mara mbili

Mkuu, umesema gari yako inachemsha ukikaa kwenye foleni, unaona matone ya kijani chini upande wa mkanda, na fundi kakwambia pampu ya maji imekwisha. Unauliza kama kazi hii inafanyika nyumbani. Inafanyika. Nimeshabadili tatu kwenye magari yangu, ila ya kwanza niliifunga mara mbili kwa sababu ilivuja siku hiyohiyo. Kufungua na kukaza bolti utaweza tu, kwa hiyo nitakaa zaidi pale nilipoumia.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha ni pampu kweli. Kwenye shingo yake, kati ya sili na beringi, kuna kitundu kidogo kimeachwa makusudi. Sili ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Mulika tochi. Ukiona michirizi ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka chini ya kitundu hicho, huna haja ya kupiga ramli. Kisha injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza, beringi imekufa, na huenda umeshaisikia ikilia au ikikoroma. Kuchemsha kwenye foleni peke yake hakuthibitishi kitu. Feni isiyowaka inaleta balaa hilohilo, maana gari ikikimbia upepo unaipoza rejeta, ikisimama hakuna wa kuipoza. Thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) iliyoganda ikiwa imejifunga nayo inachemsha. Wewe una matone, kwa hiyo namuunga mkono fundi wako, ila kagua na mipira ya maji iliyo karibu. Nimeshaona pampu ikisingiziwa, kumbe ni klipu imelegea na maji yanatiririka hadi kwenye pampu.

Sasa jambo la kujua kabla ya yote ni nini kinachozungusha pampu yako. Kama ni mkanda wa nje, ule unaozungusha pia alteneta, basi siku moja ya mapumziko inakutosha. Kama ni taimingi belti, ule mkanda wa ndani unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, fikiri mara mbili. Ukiruka jino moja tu injini inaweza kukosa nguvu, ukiruka zaidi, kwenye injini nyingi valvu zinakutana na pistoni na hapo umetoka kwenye pampu umeingia kwenye kufungua hedi (kichwa cha injini). Hiyo nimeifanya mara moja, tena nikiwa na rafiki aliyewahi kuifanya. Tulipomaliza tuliizungusha krankishafti (mhimili mkuu wa injini) kwa mkono mizunguko miwili kamili, tukaona alama zimerudi mahali pake, ndipo tukathubutu kuwasha. Ukizungusha ikagoma njiani, usilazimishe hata kidogo. Na kama umeshafika huko ndani, badili belti na tenshena (kikaza mkanda) pamoja na pampu, kwa sababu kazi kubwa ni kufika. Pampu zinazokaa ndani ya mfuniko wa taimingi cheni mimi nampelekea fundi, sioni aibu.

Anza gari ikiwa imelala usiku mzima. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto: humo ndani maji yako kwenye presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua tu presha inashuka yanachemka yote kwa pamoja, usoni kwako. Kinga kulanti kwenye beseni na uifunike mara moja. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina utamu, hivyo mbwa, paka na hata mtoto anaweza kuilamba. Usiimwage kwenye mtaro.

Piga picha mkanda unavyopita kwenye puli zote kabla hujaugusa. Utajiona unakumbuka, halafu jioni utajikuta unasuka mkanda kama ukili. Halafu, bolti za puli ya pampu zilegeze mkanda ukiwa bado umebana, kwa sababu ukiutoa kwanza puli itazunguka ovyo na utakosa pa kuishikia. Bolti za pampu zenyewe mara nyingi hazilingani urefu. Mimi nachora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi, natoboa matundu, na kila bolti inachomekwa mahali ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inagota chini kabla ya kubana, na ukiendelea kukaza unapasua aluminiamu.

Kwenye pampu ya pili bolti moja ilikatika, na kosa ni langu. Ilikuwa imeota kutu, nikaivuta kwa hasira. Siku hizi nikiona ngumu naipulizia mafuta ya kulainisha kutu, naigonga kichwani taratibu, naiacha, halafu naisogeza mbele na nyuma kidogo kidogo. Nusu saa ya kusubiri ni nafuu kuliko saa nne za kutoboa kisiki cha bolti kwenye bloku.

Pampu ikishatoka, usikimbilie kufunga mpya. Hapa ndipo ile ya kwanza iliponiadhibu. Niliikwangua gasketi (kizibo chembamba kati ya pampu na bloku) ya zamani juu juu, nikaacha kipande chembamba kama ukucha kwenye kona ya chini ambayo sikuiona vizuri, nikadhani silikoni nyingi itafunika. Nilipojaza maji yakaanza kudondoka hata kabla sijawasha. Safisha uso wa bloku mpaka upitishe kidole usihisi kitu, kwa kikwanguo cha plastiki ukiweza, maana chuma kinachora aluminiamu na kila mchoro ni njia ya maji. Ziba matundu kwa kitambaa wakati unakwangua. Mwisho pangusa kwa kitu kinachoondoa mafuta. Silikoni weka tu kama kitabu cha gari kinasema hivyo, tena uzi mwembamba, kwa sababu ile inayofinywa kwenda ndani inakatika na kusafiri hadi kwenye vijinjia vya rejeta. Kama pampu yako ina oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), ilowanishe kwa kulanti, sio grisi wala oili, maana oringi nyingi za mfumo wa maji huvimba zikikutana na mafuta.

Kukaza, zungukia kwa kupishana, usimalize upande mmoja kwanza. Bolti ndogo za spana namba 10 kwa kawaida zinataka nyutoni mita 10 hivi, yaani kidogo kuliko mkono wako unavyotamani. Fuata kipimo cha injini yako, na kama una spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), leo ndiyo siku yake.

Kujaza: kulanti ya aina inayotakiwa na gari yako, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa kama hukununua iliyochanganywa tayari. Usichanganye aina usizozijua, nyingine zinaganda kama uji. Kisha kuna hewa inayonasa kwenye njia za maji, ambayo inawafanya watu wengi waseme pampu mpya ni mbovu. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, jaza taratibu, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na kaa mbali kidogo kwa sababu rejeta hubeua maji. Usiondoe macho kwenye geji. Thamostati ikifunguka utaona maji yanashuka na mpira wa juu unapata moto, ongeza, kisha funga mfuniko. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kama geji inapanda huku hita inatoa upepo wa baridi, bado kuna hewa: zima, acha ipoe kabisa, rudia.

Kabla ya kulala tandika boksi safi chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia boksi na kiwango cha maji. Kikishuka kidogo na boksi likawa kavu, ni hewa iliyobaki imetoka, ongeza tu. Likilowa, fungua tena, na anza kutafuta kwenye ile kona ya chini.