Mtihani wa Kuingia Uzamili wa Biashara kwa Aliye Kazini: Maswali na Majibu

Barua za safari hii zimetoka kwa watumishi na wafanyakazi wa Dodoma na Singida ambao wamekaa kazini miaka kadhaa na sasa wanataka kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, katika vyuo vya nje ya nchi. Nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

Niko wizarani, Mtumba. Je, ni lazima nifanye GMAT, au GRE nayo inatosha?

GMAT ni mtihani wa kuingia shule za biashara, na GRE ni wa kuingia uzamili wa fani nyingi. Anza na chuo, ndipo uje kwenye mtihani. Vyuo vyetu vingi vya hapa nyumbani hupokea wanafunzi wa uzamili kwa kuangalia matokeo ya shahada ya kwanza, hivyo kama nia yako ni kusoma hapa, huenda huhitaji mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Vyuo vikubwa vya nje, vikiwamo Harvard, INSEAD na London Business School, hupokea matokeo ya mtihani wowote kati ya hiyo.

GMAT ya sasa huchukua saa 2 na dakika 15, katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hisabati, ufahamu na hoja, na uchambuzi wa takwimu. GRE huisha kabla kidogo ya saa 2 kutimia, ina insha moja, inadai msamiati mpana wa Kiingereza, na inakuruhusu kutumia kikokotoo cha kwenye skrini katika hisabati. Kwa mtumishi wa serikali anayesita kati ya biashara na sera za umma, mimi ningechagua GRE, kwa kuwa inafungua milango ya fani nyingi zaidi. Aliyekwisha kuamua kwamba ni biashara tu, afanye GMAT.

Mimi ni mhasibu, lakini hisabati ya darasani niliiacha kidato cha nne. Nitaiweza kweli?

Utaiweza, ila kikwazo chako sicho unachokidhani. Hisabati ya GMAT haivuki kiwango cha sekondari: asilimia, uwiano, wastani, vipeo, milinganyo, namba tasa, mwendo na muda. Hata jometri iliondolewa mtihani ulipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2023. Kinachowaangusha wahasibu ni kwamba kwa miaka yote hiyo Excel ndiyo imekuwa ikipiga hesabu, na wao wamebaki kukagua tu kama jibu linaleta maana. Katika sehemu ya hisabati ya GMAT hakuna kikokotoo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu chochote, rudisha mkono wako kwenye karatasi. Ukiambiwa utafute asilimia 17.5 ya 640, usianze kuzidisha desimali. Asilimia 10 ni 64, nusu yake ni 32, nusu ya hiyo ni 16. Jumlisha, upate 112. Ukiulizwa mshahara uliopunguzwa kwa asilimia 20 unapaswa kupandishwa kwa asilimia ngapi ili urudi ulipokuwa, jibu ni 25, wala si 20, na ukishangaa basi hapo ndipo pa kuanzia. Swali la kodi ya ongezeko la thamani utalipata bila shida, kwa kuwa unajua kwamba ndani ya shilingi 118,000 zenye kodi ya asilimia 18, kodi ni 18,000. Wenzako wasio wahasibu wataandika 21,240 na kuendelea kwa furaha.

Jambo la pili ni muda. Maswali ni 21 kwa dakika 45, yaani dakika 2 na sekunde chache kwa kila swali. Ofisini tumezoea kutoliacha jalada mpaka likamilike, na huo ni utumishi mwema, lakini katika chumba cha mtihani swali moja lililokula dakika 6 limekula na wenzake wawili. Maswali yasiyojibiwa mwishoni huadhibiwa, hivyo bahatisha, liwekee alama, kisha songa mbele. Mwisho wa kila sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadili majibu yasiyozidi matatu.

Mimi ni afisa mikopo, Manyoni. Maswali ya kuuliza kama taarifa zinatosha yananichanganya. Nisaidie.

Haya yako katika sehemu ya takwimu, na nadhani ndiyo yanayompima mtu wa kazi yako kuliko mengine yote. Mtihani ni wa Kiingereza, ila tuchukue mfano wa kwetu. Mfanyabiashara wa Kibaigwa amenunua magunia 60, ya mahindi na ya alizeti. Ya mahindi ni mangapi? Taarifa ya kwanza: magunia ya mahindi ni mara mbili ya yale ya alizeti. Taarifa ya pili: magunia ya mahindi yanazidi ya alizeti kwa 20.

Afisa mikopo amefundishwa kukusanya nyaraka zote kabla ya kuamua, kwa hiyo atazisoma taarifa zote mbili kwa pamoja, atapata 40, kisha atajibu kwamba zote mbili zinahitajika. Amekosa. Taarifa ya kwanza peke yake inatoa 40 na 20, na ya pili peke yake inatoa 40 na 20 vilevile. Jibu sahihi ni kwamba kila moja inatosha yenyewe. Jizoeze kuifunika taarifa ya pili kwa kiganja unapopima ya kwanza, halafu ufunike ya kwanza unapopima ya pili. Na ukishaona kwamba jibu linapatikana, usilitafute. Hukuulizwa magunia ni mangapi, umeulizwa kama inawezekana kujua.

Nimeandika ripoti za mradi kwa Kiingereza kwa miaka mingi hapa Singida, lakini kwenye maswali ya hoja napata alama ndogo. Kwa nini?

Kwa sababu unajua mengi mno. Chukua hoja hii: halmashauri ilichimba visima, wagonjwa wa kuhara wakapungua, kwa hiyo visima ndivyo vilivyowapunguza. Ukitakiwa kuidhoofisha, wewe uliyekaa kwenye miradi ya maji utaanza kuwaza ubovu wa pampu na kamati za maji zisizokutana, mambo ya kweli kabisa ambayo hayamo kwenye swali. Jibu litakuwa ni lile linaloleta sababu nyingine ya kupungua huko, kwa mfano kwamba mwaka huohuo kaya nyingi zilijenga vyoo bora. Pima kila jibu kwa hoja iliyoandikwa, na uzoefu wako uuache nje.

Tahadhari pia na vitabu vya kurithi. Chenye sura ya kusahihisha sarufi ya sentensi ni cha mtihani wa zamani. Sehemu hiyo haipo tena.

Nitapata wapi muda wa kusoma? Natoka ofisini usiku.

Usipange mtihani kati ya Aprili na Juni. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa kwa nini: Bunge la bajeti linaendelea, mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na hata Jumapili simu haitulii. Vyuo vingi vya nje hupokea maombi ya awamu ya kwanza karibu na Septemba na ya awamu ya pili karibu na Januari. Ningependekeza uweke msingi wa hisabati kuanzia Januari hadi Machi, kipindi cha bajeti ujitunze kwa maswali machache kila alfajiri ili usisahau, kisha Julai ukaze na ufanye mtihani Agosti.

Kusoma kwa muda wa saa moja alfajiri, kabla ya daladala, kuna faida kuliko kwa saa tatu usiku ukiwa umechoka. Jumamosi moja fanya mtihani kamili wa majaribio bila kusimama. Waandaaji wa GMAT hutoa miwili bure, na wa GRE nao vilevile. Usiimalize yote mwezi wa kwanza.

Bosi wangu alipata 700 miaka hiyo. Mimi nimepata 645 kwenye majaribio. Nimeshindwa?

Hapana. Kipimo kimebadilika: sasa alama ni kuanzia 205 hadi 805, na 645 ya leo inalingana kwa karibu na 700 ya wakati wake. Unaweza kumweleza au kunyamaza, kutegemea bosi alivyo.

Nifanyie nyumbani kwa intaneti au kituoni? Na nikifanya vibaya?

Kama nyumba ina watoto na umeme wa kubahatisha, nenda kituoni. Ukipata nafasi Dar es Salaam, panda treni ya SGR siku moja kabla, ulale huko. Usisafiri asubuhi ya mtihani. Majina uliyojisajilia yafanane na ya kwenye pasipoti, yote matatu kama yamo matatu.

Ukifanya vibaya, chuo hakioni mpaka wewe utume matokeo, na GMAT inakuonyesha alama zako kabla ya kuchagua vyuo vya kupelekea matokeo. GMAT unaweza kuirudia baada ya siku 16, mara zisizozidi 5 ndani ya miezi 12, na matokeo hudumu miaka 5.