Nimemzika mama huku nikipigwa picha

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwimbaji wa taarab, ninaishi Makorora hapa Tanga, nina umri wa miaka 29 na mtoto mmoja wa kiume anayesoma darasa la tatu. Kwa miaka sita niliimba kwenye harusi bila watu kulishika jina langu, mpaka mwaka jana wimbo wangu mmoja uliposambaa kwenye simu kuanzia hapa hadi Mombasa. Wimbo huo unamsema mwanamke aliyemchukua mume wa shoga yake, na ingawa maneno yaliandikwa na mtunzi wa kundi letu, watu wanaamini kuwa ninasimulia maisha yangu. Jirani yangu amemkataza mumewe hata kunisalimia. Mwanangu huimbiwa kiitikio shuleni mpaka analia.

Wiki mbili zilizopita mama yangu alifariki dunia na tukamzika kwao Pangani. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimejitanda kanga, akaja mwanamke nisiyemfahamu kunipa mkono wa pole, kumbe mkono wake wa pili umeinua simu. Akaniomba nitazame juu kidogo kwa kuwa uso haukuonekana vizuri, nami nikatazama. Jioni picha ile ilikuwa imeenea, na wapo walioandika kwamba nilikwenda msibani nimepaka wanja.

Usingizi ulinipotea tangu wimbo ulipovuma. Mwenzangu wa kundi alinipa vidonge. Miezi mitatu iliyopita nilianza na kimoja, sasa nameza vitatu. Onyesho la Idi linakaribia na kiongozi wetu amekwisha kupokea malipo ya awali. Nifanye nini?

*Mwimbaji, Makorora*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mama yako na akupe subira.

Nianze na vidonge, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja na hili haliwezi. Chukua pakiti yake, hata kama imebaki tupu, uende nayo Hospitali ya Bombo, umweleze daktari umemeza vingapi na kwa muda gani. Usivikatishe ghafla wewe mwenyewe, maana baadhi ya dawa za usingizi mwili huzizoea, na zikiondolewa kwa mara moja mtu anaweza kupatwa na degedege. Daktari ndiye anayejua kuzipunguza kidogo kidogo. Usichanganye vidonge hivyo na pombe hata siku moja, kwa kuwa vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua. Mwimbaji anayeshuka jukwaani saa nane usiku huwa bado moyo unamwenda mbio, na mwili huhitaji saa kadhaa kutulia, kwa hiyo kukosa usingizi baada ya onyesho si ugonjwa wa ajabu. Michael Jackson aliutafuta usingizi huo alipokuwa akijiandaa kwa maonyesho 50 mjini London, akawa anapewa nyumbani kwake dawa ya nusukaputi ambayo ni ya kutumiwa hospitalini kwa uangalizi maalumu. Hakuamka tarehe 25 Juni 2009, akiwa na miaka 50, na daktari wake akatiwa hatiani mwaka 2011. Yeye alipewa na daktari, mwanangu. Wewe umepewa na mwimbaji mwenzako.

Kuhusu wimbo, wewe unajua kuliko mimi jinsi taarab inavyokwenda. Mwanamke huinuka kwenye kiti, akacheza taratibu hadi mbele, akakutunza noti huku akimtazama hasimu wake aliyekaa meza ya pili, na kwa dakika ile maneno ni yake yeye aliyetunza. Mtunzi ameyaandika, wewe umeyapa sauti, na aliyetunza ameyapeleka anakotaka. Ukumbini kila mtu analielewa jambo hili. Kwenye simu hakuna anayeonekana akitunza wala meza ya pili, kuna uso wako peke yake, na ndiyo maana maneno yote yamekuangukia wewe. Wakati Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alipoimba na makundi ya taarab ya Black Star na Lucky Star ya hapa Tanga, wengi waliijua sauti yake kwa redio na santuri kabla ya kumwona. Sauti ilisafiri, uso ukabaki nyumbani. Niliwahi kuishi Ngamiani jirani na mwimbaji wa zama hizo, na asubuhi baada ya onyesho tulikuwa tukipanga naye ndoo bombani, kila mtu kwa zamu yake, wala hapana aliyemtajia wimbo.

Sisemi kwamba zamani hawakuumizwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, ambaye kwao Fumba aliitwa Mtumwa kabla ya watu kumpa jina la Siti, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, alitungiwa maneno ya kumdharau kwa sura yake na kwa kutoka kwake shamba. Aliyajibu kwa wimbo. Nawe mwombe mtunzi wenu akuandikie wimbo wa kujibu, uimbe mara moja jukwaani, kisha usimjibu mtu yeyote kwenye simu. Jirani yako mfuate mwenyewe mchana, mzungumze barazani mumewe akiwepo.

Kwa mtoto, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa lake, uvae kanga zako za kawaida na usitume mtu. Wenzake wanaimba kwa sababu wamesikia nyumbani, na mwalimu akikemea siku mbili tatu wataacha.

Nimeisoma mara nyingi sentensi yako kwamba ulitazama juu. Naona unajilaumu, na nakuomba usijilaumu. Kwa miaka sita umefundishwa kumtazama kila anayekuelekezea uso, na kwenye msiba mtu hana akili ya kupambanua. Aliyekosa adabu ni yule aliyekuja na pole mkono mmoja na simu mkono mwingine. Umenyang'anywa kilio cha mama yako, na hasira uliyo nayo ni ya haki.

Onyesho la Idi usiliimbe. Mwambie kiongozi wako leo, ili apate muda wa kutafuta mwimbaji mwingine au kurudisha pesa alizopokea. Alizipokea kabla hujafiwa, na anayeandaa shughuli Tanga hawezi kushindwa kuelewa neno msiba. Akikataa, mpeleke mjomba wako akazungumze naye.

Bado hujafika arobaini. Isomeni Pangani, ndani ya nyumba, waje ndugu na majirani wa mama tu. Mpe kijana mmoja wa nyumbani kikapu cha ukili akae nacho mlangoni, na kila anayeingia aache simu yake humo, hata awe kiongozi wa kundi lenu, kisha wewe kaa mkekani na shangazi zako, ulie mpaka uchoke.