Mwanangu yuko machimboni: je, pesa anazoniletea ni halali?

SWALI: Assalamu alaikum, Sheikh. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu aliacha uvuvi, mwaka wa tatu huu, akaenda Migori kuchimba dhahabu. Yeye hushuka shimoni. Mkewe, ambaye sasa ni mja mzito, hukaa juu na wanawake wenzake, wakaosha mawe yaliyosagwa, wakayachanganya na zebaki, kisha wakachoma. Kila mwezi hunikumbuka kwa chochote, nami naweka kidogo kidogo nipate kwenda Hija. Juzi jirani akaniambia pesa hizo ni haramu, kwani wachimbaji wanaharibu ardhi na maji, na wanaofukiwa na kifusi ni kama wamejiua. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Tena mwanangu ameniletea kidonge cha dhahabu, nimfanyizie mkewe bangili hapa kwa sonara. Nifanyeje? Na zaka je?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu.

Jirani yako amesema kweli nusu, na nusu ameitia chumvi. Dhahabu iliyo ardhini ni riziki kama samaki aliye majini, na kuichimba ni kazi ya halali. Tatizo liko katika namna inavyochimbwa. Wewe ni mtu wa Lamu, basi nikupe mfano wa bahari. Mvuvi akitia utupa majini akaopoa samaki, samaki wale hawageuki nguruwe. Lakini ameua na vidogo visivyomfaa, na kesho wenziwe watavuta nyavu tupu. Dhambi ni ya ule utupa, na haki za wenziwe ziko shingoni mwake. Katika madhehebu yetu ya Shafi mtu akiswali katika ardhi aliyoipora, swala yake inasihi na dhambi ya uporaji inabaki pale pale. Kwa hiyo pokea anachokupa mwanao, uweke, na ukienda Hija kwa pesa hiyo Hija yako inasihi. Lala, mama.

Kuhusu wanaofukiwa, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimhesabu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo au kifusi miongoni mwa mashahidi. Vipi basi tumwite mwenye kujiua kijana aliyeshuka kutafuta chakula cha mamake? Ila nimewahi kusikia vijana wakiitumia hadithi hii kama hirizi: mvua imenyesha usiku kucha, shimo halina hata gogo la kuegemeza ukuta, nao wanashuka wakisema tukifa tu mashahidi. Hilo silo. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo. Na mwenye shimo asijifiche nyuma ya hadithi ya kwamba aliyekufa mgodini hana fidia. Wanavyuoni wameieleza kuwa ni kwa ajali isiyo na uzembe, si kwa tajiri anayeona ukuta umepasuka akawaambia vijana washuke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo jirani hakulitaja, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote: huyo mkwe wako.

Zebaki hushikana na chembe za dhahabu zikawa donge moja. Donge likitiwa motoni, zebaki hupaa kwa mvuke usioonekana, na dhahabu hubaki. Mvuke ule hauendi mbali kabla haujaingia kifuani mwa aliyeinama juu ya moto. Hudhuru figo na mishipa ya fahamu, mikono ikaanza kutetemeka, na kwa mja mzito hupita hadi kwa mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbwa. Inayomwagwa na maji ya kuoshea huingia vijitoni. Maji ya Mto Migori huishia Ziwa Victoria. Humo vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, samaki mdogo akaila, mkubwa akamla mdogo, nasi tukamla mkubwa. Yaliwafika watu wa Minamata kule Japani, watu wa pwani walao samaki kama sisi, kwa zebaki iliyotoka kiwandani. Paka walianza kuruka kama wenye wazimu, na mwaka 1956 maradhi yakatambuliwa kwa binadamu. Leo mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, unaitwa kwa jina la mji huo. Na zaidi ya theluthi moja ya zebaki ambayo binadamu huipeleka hewani duniani hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah: hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine. Basi mpigie simu mwanao leo, usingoje kesho. Kumweka mkewe mjamzito kwenye moto ule ni haramu, silainishi neno. Na yeye mwenyewe, madhali anajua, haimfalii kuchoma zebaki kwenye moto ulio wazi wala kumwaga maji yale mtoni. Viko vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke zebaki isipotee, na wapo wanaotenga dhahabu kwa uzito wake tu, bila zebaki kabisa. Najua ataniona sheikh wa barazani, asiyejua njaa ya machimbo. Huenda. Lakini nasi huku tujiulize ni nani anayewasukuma vijana mashimoni, na harusi zetu hazisemwi vizuri mpaka bibi harusi ang'ae dhahabu shingo hadi kiganja.

Zaka ni juu yake aliyechimba. Kwetu Mashafi, dhahabu ya mgodini haingojei mwaka. Ikishasafishwa na kufika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, kiasi cha gramu 85, hutolewa robo ya kumi, asilimia 2.5. Wengi wao hujidanganya wakisema, mimi napata gramu moja moja na nauza siku hiyo hiyo. Kazi ikiwa ni ya mfululizo, gramu hizo hujumlishwa hata kama za mwanzo alishaziuza. Na gharama za kusaga na kuosha hazikatwi kwanza.

Imebaki bangili. Sonara akikupa bangili iliyo tayari achukue kidonge chako, lazima uzito uwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, la sivyo ni riba. Njia nyepesi ni kumuuzia kidonge, ushike pesa yako, kisha ununue bangili, au akifue hicho hicho nawe umlipe ujira wake kwa shilingi. Ila kabla hajawasha moto, mwambie kimetoka machimboni na kimetengwa kwa zebaki. Dhahabu ya aina hiyo hubaki na zebaki ndani, nayo hupaa inapoyeyushwa, na duka lake liko kichochoroni, watoto wa chuo cha Kurani hupita mlangoni. Kumficha ni kughushi. Akiwa hana namna ya kuuzuia mvuke, chukua kidonge chako urudi nacho.

Wallahu a'lam.