Jibu: Semina Mombasa, jioni nitembee wapi peke yangu?
Dada, ukitoka saa kumi utawahi, mradi semina iko kisiwani. Anza na ngome ya Fort Jesus kwa sababu hufungwa saa kumi na mbili. Wareno walianza kuijenga 1593. Mizinga kila mtu anaipiga picha. Wewe tafuta michoro ya mabaharia ukutani, merikebu na samaki waliochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Kisha vyombo vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama hapo chini 1697.

Ukitoka shika Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, taratibu, uone milango ya nakshi. Wasalimie wazee walioketi barazani, wao ndio watakaokuelekeza. Giza likiingia achana na vichochoro, panda tuktuk urudi hotelini. Ila viazi karai kwanza!