Kaka wa Maskati, kabla hujalipia hiyo apatimenti ya Paje

Wiki iliyopita kaka mmoja anayeishi Maskati kaniandikia, "Dada habari za siku, nimeoneshwa apatimenti Paje, Zanzibar, dola elfu 85, dalali anasema ndani ya miaka mitano hela yangu yote imerudi, nilipe?" Nimekaa na hiyo meseji siku tatu sijamjibu, maana jibu lenyewe ni refu na kuna sehemu yake mpaka leo inaniuma. Nimeona bora niandike hapa kwa sababu najua si yeye peke yake, wengi wetu tunaiota hii nyumba ya pwani inayoingiza dola huku umelala.

Kwanza niseme alhamdulillah. Kuanzia tarehe 18 Disemba mpaka mwisho wa Februari nyumba yangu ya Jambiani imelala bila mgeni siku nne tu. Vyumba viwili, baraza, dola 60 kwa usiku. Najivunia wala sifichi, maana kuna kipindi nilishaanza kumtafuta mtu wa kuinunua.

Kiwanja ni cha mama yangu, yeye mzaliwa wa hapo hapo Jambiani, na hili mlishike vizuri. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, sheria ya mwaka 1992 ndivyo inavyosema, unachopewa ni haki ya kuitumia na hiyo haki ni ya Mzanzibari. Mtu wa nje anapitia ukodishaji wa uwekezaji, au ndio hizi apatimenti za kukodishwa miaka 99 kama za kule Fumba. Kwa hiyo mtu akikwambia njoo tuandikishane kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kiwanja cha ufukweni kiwe chako, nenda kwa sheha ndio, yeye anajua shamba ni la nani na ugomvi wa urithi uko wapi, ila karatasi yake haiwezi kukupa kitu ambacho sheria haijakupa. Tafuta wakili wako mwenyewe, usikubali wa kuletewa na dalali.

Tulifungua Julai 2019, miezi ya mwanzo raha tupu, halafu ikaja korona, Aprili 2020 ndege za nje zikasimamishwa, zikarudi Mei lakini wageni hawakurudi siku hiyo hiyo. Hapo katikati naruka.

Mi nakaa Dar, nina duka Kariakoo, siwezi kupanda boti kila wiki. Nikaweka msimamizi, mtu wa karibu kabisa na familia, mama alipolazwa Mnazi Mmoja ndio yeye aliyekuwa anampelekea uji asubuhi. Nikampa ufunguo, simu ya nyumba, kila kitu. Kila nikimpigia, "dada hali ngumu, mvua, wageni hakuna." Na mi namuelewa, maana masika kweli watu wanapungua, Aprili na Mei kuna hoteli zinafunga kabisa.

Kilichonistua ni umeme. Tukuza, ndio umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar, nilikuwa nanunua mwenyewe kwa simu nikiwa Dar, sasa mwezi wa tano nyumba inasemekana haina mtu lakini uniti zinakwisha kama Agosti. Nikasema labda friji. Zilipokwisha tena ndani ya wiki mbili nikapanda boti ya asubuhi bila kumwambia mtu, mjini nikachukua gari ya abiria namba 309, nikashuka Jambiani na wala sikwenda nyumbani, nikaenda kwa mama anayetufulia.

Yule mama si mtu wa maneno. Nilipomuuliza akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu limeloa pembeni, humo anaandika kila anachofua ili alipwe. Kwa penseli. Shuka 6 taulo 4. Shuka 8 taulo 8. Shuka 6. Kurasa mbili nzima, na kila mstari una alama ya vema kuonyesha kalipwa, tena kalipwa taslimu. Nikakaa kwenye mkeka wake nikapiga hesabu, kwa uchache ni usiku 22 mwezi ambao mi nimeambiwa hakuna hata mmoja. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mi nilijua unajua."

Hela zinatafutwa, hilo nilishamaliza. Lakini uji ambao yule msimamizi alimpelekea mama yangu sijui niuweke wapi, na huyo mtu tukikutana msibani tunasalimiana tu basi.

Ndio maana nawaambia, msinunue nyumba kabla hamjapata mtu. Mnahangaika na vigae na rangi ya mito, mnamtafuta wa kushika ufunguo wiki ya mwisho, tena kwa kigezo cha undugu! Leo ufunguo anao yule mama wa daftari. Namlipa mshahara kila mwezi, masika na kiangazi, na juu yake kuna chake kwa kila usiku unaolala mgeni, kwa hiyo mgeni akiingia na yeye anafurahi kuniambia. Buking zote zinaingia kwenye simu yangu. Na bado kila Jumapili naangalia uniti za tukuza, samahani lakini naangalia.

Halafu chumvi, hakuna dalali atakayekwambia habari ya chumvi. Bawaba za kawaida nilizonunua Kariakoo kwa bei nzuri zilidumu miezi saba, mgeni kutoka Poland akavuta mlango wa choo ukamtokea mkononi. Maji ya kisima yana chumvi, yameniulia mabomba ya kuogea mawili, sasa naita gari ya maji. Mkijenga wenyewe msikubali fundi achote mchanga wa ufukweni hata akiapa ameusuuza, jirani yangu alikubali na leo nondo za dari lake zinaonekana kwa macho zikimomonyoka.

Na bahari yenyewe. Picha za kwenye matangazo zinapigwa maji yamejaa hadi ukutani. Omba picha ya maji yakiwa yamekupwa, tena siku za bamvu, yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, uone Paje na Jambiani bahari inavyokwenda mbali mpaka kina mama wa mwani unawaona kama nukta. Wale wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, hawana tabu hiyo sana. Nilivyoanza kumtumia kila mgeni saa za kujaa na kupwa kabla hajafika, na kumkumbusha ile bima ya dola 44 ya kuingilia Zanzibar, malalamiko yakapungua kabisa.

Sasa hesabu ya dalali wako kaka. Dola elfu 85 kwa miaka mitano ni elfu 17 kila mwaka. Kwa bei yangu ya dola 60 hizo ni zaidi ya usiku 280, na hapo hujalipa kodi, leseni ya utalii, kamisheni ya mitandao ya buking, umeme wala mshahara wa mtu. Mi mwaka jana, mwaka wangu bora kuliko yote, nimefika usiku 196. Siwezi kukukataza, nyumba yangu naipenda na inanilipia ada za watoto. Ila usilipe hata shilingi kabla hujalala pale mwezi wa nne, mvua inapiga, upepo umegeuka, barabara ya ndani ina madimbwi, uone ni milango mingapi imefungwa.

Jana nilimtumia hayo yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Leo asubuhi kajibu, kakata tiketi ya tarehe 20 Aprili. Nimemwambia afikie kwangu, ufunguo ataukuta kwa mama wa daftari.