Shangazi, nimeitwa JKT na usiku silali

Kijana mmoja wa Newala, aliyeitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ameniandikia. Barua yake nimeifupisha:

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita na nimepangiwa JKT Nachingwea. Tangu nione jina langu silali. Usiku moyo unadunda, mikono inatoka jasho, pumzi inakata, najiona nakufa, halafu inapita. Mjomba wangu, aliyemaliza sita mwaka 2001, kanisimulia mambo ya kambini mpaka chakula hakipiti. Naogopa afande akinifokea nitaganda mbele ya wenzangu. Mama nimemwambia nina hamu ya kwenda. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mjomba, maana yeye hatuchukulii muda. Mafunzo ya kwa mujibu wa sheria, yale ya lazima kwa wanaomaliza kidato cha sita, yalisitishwa mwaka 1994, yakarudi 2013. Aliyemaliza sita 2001 hakuitwa na mtu. Kama hakujitolea mwenyewe, basi anakutisha kwa hadithi za kuazima. Mpe shikamoo yake uondoke.

Mimi nilikwenda kabla hayajasitishwa, kambi siitaji. Asubuhi ya kwanza filimbi ililia giza bado nene. Nikaruka kitandani, vidole vikakataa kufunga kamba za raba, vinatetemeka kama vya mtu mwenye malaria. Binti wa Tandahimba aliyelala kitanda cha juu akapiga magoti, akanifunga, hakusema neno. Tukatoka wa mwisho, tukarushwa kichurachura wote wawili mpaka mapaja yakawaka moto. Jioni nikamuuliza kwa nini hakuniacha. Akasema, "Kwani wewe hutanifunga?" Wiki ya tatu alipolia usiku kwa kumkumbuka mamake, zamu ilikuwa yangu.

Hanga zima, yaani bweni lote la kambini, lina hofu, mwanangu. Kinachommaliza kuruta ni kuificha: mchana kutwa anakimbia, usiku kucha anajikaza asijulikane. Tafuta mmoja wa kumwambia, siku ya kwanza ikiwezekana. Nakuahidi atashusha pumzi, maana na yeye alikuwa anatafuta wa kumwambia.

Hayo ya usiku ni mwili kumwaga adrenalini, kama vile fisi yuko mlangoni. Hupanda ghafla, na mara nyingi baada ya dakika kumi hivi huanza kushuka. Umesema mwenyewe, "halafu inapita." Usishindane nayo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita au nane. Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza mapigo. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo bila kujua, kwenye mchakamchaka: unaitikia chenja, zile nyimbo za kukimbilia, kwa sauti, pumzi inatoka yote, miguu inafuata wimbo. Niliowaona wakibaki nyuma ni wale waliokimbia wamefumba midomo. Wewe itikia, hata kama sauti yako ni ya chura.

Afande akifoka, chukua amri, kelele ziache zipite. Amesema geuka kulia, geuka kulia. Amri inayofuata bado haijatoka, usiibebe. Na ukiganda? Utapewa adhabu, wenzako watacheka, na kabla ya chai atakuwa amekosea mwingine. Wewe ni mtoto wa Newala. Kama ulipita jandoni, ulishatolewa kwa mama, ukalala na usiowazoea, ukaimbishwa usiku, ukarudi umevaa nguo mpya. Hiyo shule unayo tayari.

Sasa neno moja zito. Kabla ya kuondoka nenda hospitali ya wilaya wakupime. Moyo kwenda mbio unaweza kuletwa na upungufu wa damu au tezi ya shingoni, na vyote vinatibika. Kama una pumu, itaje siku ya kupimwa afya kambini. Hapo ukifanya ushujaa utaanguka njiani. Na siku mawazo yakikupeleka kwenye kujidhuru, usingoje kuche: ukiwa nyumbani, waamshe wakupeleke hospitali ya Ndanda au Ligula, ukiwa kambini, mwambie mganga au afande aliye karibu.

Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, acha wiki hii. Raba nunua sasa uzivae kila siku, zikuchubue ukiwa kwenu. Bukta ya bluu iliyokolea isiwe na zipu, wataikataa.

Na mama? Mwambie leo. Akishajua, ataacha kukuuliza kwa nini huli, na ile ming'oko ya safari atakuchemshia akiwa anajua anamchemshia nani.